Vidaka vya Bi Zuwena

Siku yangu ya mwanzo kazini nilivaa kanzu ya Kiomani, dishdasha nyeupe iliyopigwa pasi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na cheti cha sekondari kutoka Unguja na uashi kidogo niliojifunza kwa ami yangu. Msimamizi wa karakana ya matengenezo, pale Ruwi, Maskati, alinitazama kutoka kofia mpaka makubadhi.

"Umekuja kuposa?" aliniuliza. "Kama ni kazi, chukua mwiko."

Kufika adhuhuri dishdasha ilikuwa imeshageuka rangi ya lipu, yaani ule mchanganyiko wa mchanga na simenti unaopakwa ukutani. Yeye ndiye aliyenifunza kutegemea timazi, uzi wenye chuma nchani unaoonyesha kama ukuta umesimama wima. "Jicho lako lina huruma, Seif," akinambia. "Timazi haina."

Nilipelekwa Yiti kukarabati nyumba za wafanyakazi, kisha Al Khoudh kwenye nyumba za walimu. Huko Mhandisi Mkuu alikagua kazi kwa kupitisha kiganja ukutani. Akikuta kifundo alisema neno moja tu: "Bomoa." Nikajifunza kujivunia ukuta ambao kiganja hakikuti kitu.

Akili hiyo ndiyo niliyoipeleka nyumbani. Mimi na mke wangu, Rahma, tukikaa na mama yake, Bi Zuwena, katika nyumba yake kongwe ya Al Hail, karibu na pwani. Kuta zilikuwa za udongo na chokaa, zimevimba hapa, zimebonyea pale, zimejaa vidaka, vile vishubaka vya ndani ya ukuta vya kuwekea taa, msahafu na chetezo. Mama alipokwenda umra na mwanawe wa kiume, niliomba likizo nimfanyie jambo la furaha. Niliziba vidaka vyote, nikazinyoosha kuta kwa lipu ya simenti, peke yangu, kwa mikono yangu.

"Ungemngoja mwenyewe," Rahma alinambia. Sikumsikiliza.

Bi Zuwena alirudi, akaingia ukumbini na kiganja chake ukutani kama kawaida yake. Alikwenda hatua chache, akasimama, akarudi nyuma. Mkono ulizunguka juu ya lipu kama wa mtu aliyeangusha sindano.

"Rahma, mmenileta nyumba ya nani?"

Ndipo tulipojua. Sote tukidhani anaona kidogo, kumbe macho yalikuwa yamekwisha zamani. Kidaka cha taa kilimwambia ageukie msalani, cha chetezo kilikuwa kwenye chumba chake, na cha mwisho kilikuwa ubavuni mwa mlango wa kutokea pwani. Alituficha kwa sababu hakutaka kushikwa mkono.

"Zimenyooka, mwanangu, mashallah," alisema, akakaa chini.

Kabla ya hapo alikuwa akitoka mwenyewe kila alfajiri kwenda kutembea pwani. Sasa alibaki chumbani, asubuhi baada ya asubuhi, akisema miguu inamuuma. Mwishowe nikamwomba anifuate. Mkono alikataa. Alishika ncha moja ya bakora yake, mimi nikashika nyingine. Tulipofika kwenye mchanga mbichi aliiachia, akaliweka wimbi upande wa kushoto, akaenda mbele yangu kama msichana.

"Fundi!" aliniita bila kugeuka. "Hapa hujapiga lipu?"

Tangu siku ile, kila nikitoka kazini nilishika nyundo na tindo, ile patasi ya chuma ya kuchongea ukuta, nikivizibua vidaka kimoja kimoja. Simenti ile ilikuwa ngumu, na ikitoka inang'oa udongo mzima. Mama alikaa kwenye kibao, akiniongoza kwa kumbukumbu.

"Teremka kidogo. Mimi si ngamia."

"Hapa?"

"Hapo umemwekea Rahma. Teremka tena."

Kidaka cha mlangoni kilinichelewesha kuliko vyote, maana nilikuwa nimekijaza zege. Alfajiri kilipokuwa tayari nilimwita. Akatia mkono ndani, akapapasa kingo zake.

"Kimekwenda upande."

"Nikinyooshe, mama?"

"Wee! Kiache hivyo hivyo."

Akaiegemeza bakora ukutani, chini ya kidaka, kisha akaninyooshea mkono.

"Haya, twende."

"Si mlango unaujua sasa?"

"Nnaujua. Lete mkono."

Tulitembea hivyo mpaka miaka yake ya mwisho. Nami sasa nimestaafu. Nyinyi mnaoingia kazi hii, kabla ya kushika mwiko mwombeni mwenye nyumba akutembezeni ndani, na mtazame mkono wake unagusa wapi. Mimi vidaka nilivifungua, lakini zile asubuhi alizokaa chumbani sikuwa na tindo ya kuzifungulia.

Bakora yake bado iko pale chini ya kidaka. Kila nikitoka kwenda pwani kiganja changu kinapita ukutani juu yake, kinakuta ile kingo iliyokwenda upande, nami natoka.