Mafuta ya Kondoo kwa Mifupa ya Baba

Baba alivunjika pingili ya mgongo akiinua ndoo ya maji, tena ile ndogo ya kunawia. Miaka mingi ya kuponda mawe ya dhahabu Nyamongo, na sigara juu yake, ilimwachia ugonjwa sugu wa mapafu. Kukonda kwake tulikuzoea. Hatukujua kwamba mifupa nayo ilikuwa inakwisha.

Daktari alitueleza mimi na baba mdogo, yule anayefuga ng'ombe huko Mbalibali. Alisema mafuta ya mwilini si akiba tu, hutoa homoni, na homoni hizo zina usemi hadi kwenye mifupa. Mgonjwa wa mapafu akikonda sana homoni hizo huvurugika, na mfupa nao hudhoofika. Akataja pia dawa, na kula kidogo kidogo. Baba mdogo aliondoka na neno moja tu: mafuta.

Jumamosi akafika kwetu Nkende na kondoo kwenye bodaboda, mnyama mwenye mkia mnene wa kutisha. Akamchinja mwenyewe, akayeyusha mafuta ya ule mkia, akamletea kaka yake kikombe kizima. Nilimwambia kwamba daktari hakusema mafuta ya kunywa. Akanikata jicho.

"Wewe umesoma. Mimi huyu ni kaka yangu."

Baba, ambaye hata uji hakuwa na pumzi ya kuumaliza, alikunywa. Kila funda alipumzika, huku baba mdogo akimshika bega: "Kunywa, kaka. Utanenepa." Nilitamani kumpokonya kile kikombe. Funda la mwisho likampalia. Akakohoa, akakohoa, kisha akanyamaza ghafla, mkono ubavuni.

"Vipi, kaka?"

"Salama, mura, mdogo wangu. Nasikia nguvu."

Wakashinda wakizungumza habari za ng'ombe. Baba alijibu neno moja moja, jasho likimtiririka. Mdogo wake alipokwisha kuondoka ndipo akaniita.

"Ubavu umevunjika. Usimwambie."

Nililia kwa uchungu na kwa hasira, sijui kipi kilizidi. Baba hakuinuka tena. Kila kikohozi kilimchoma, akawa anakizuia, kifua kikajaa, na kabla ya mvua za masika tukamzika.

Msibani baba mdogo alinishika mikono yote miwili, akilia waziwazi mbele za watu.

"Nilichelewa kumleta yule kondoo," akasema.

Nikamjibu hapana, baba mdogo, yale mafuta yalimsaidia sana.