Hakuna Aliyemtukana Bi Kidawa

Bi Kidawa ni Mngindo wa Liwale. Aliolewa hapa Kitomanga na Mmwera mmoja, wakati huo mama yangu bado ananyonya. Mume alikufa zamani, na watoto hakujaaliwa. Nyumba yake na yetu zimetenganishwa na mkorosho mmoja ambao hakuna anayejua ni wa nani, kila mtu anaokota upande wake.

Wamwera na Wangindo ni watani: wao wanatuita sisi Wamwera wala panya, sisi tunawaita watu wa porini, wa nyuki na nguo za magome. Mmwera akifa, Wangindo ndio wanaofagia uwanja, wanachota maji, wanawatukana wafiwa mpaka wacheke, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Mngindo akifa, na sisi tunatakiwa tufanye vilevile. Zamani Wangindo walikuwa wengi hapa kijijini. Wengine wakahama, wengine wakafa, mwisho akabaki yeye na kaka yake, Mzee Likwata, ambaye kifua kilikuwa kinamsumbua, kazi hizo haziwezi. Basi kila msiba ukawa wa Bi Kidawa. Miguu yake inavimba. Akiitwa anashika kiuno kwanza, anainuka polepole, anasema, "Haya, tukawacheke Wamwera," kama mtu anayekwenda kupalilia shamba la mwenzake.

Kazi aliyokuwa anaiweza kuliko zote ni kumwiga marehemu. Anavaa nguo yake, anatembea kama yeye, anasema maneno yake. Watu wanacheka huku machozi yanatoka.

Mimi na mama tulikuja kutoka Mbagala miaka miwili iliyopita, bibi yangu Batuli alipozidiwa. Nilikuwa darasa la sita. Tukasema nitaendelea na shule hukuhuku, sikuendelea. Bibi alikufa siku ya kumi na tisa tangu tufike. Maiti bado iko ndani inaoshwa, Bi Kidawa akatokea uwanjani kajifunga kanga ya bibi, kainama na fimbo yake, anapiga kelele kwa sauti ya bibi kabisa:

"Nani kaiba ugoro wangu? Ziada! Umetoka Dar kuja kuniibia ugoro? Huko Mbagala mnavuta nini, vumbi?"

Wanawake wote wakacheka. Hata mimi nilicheka, maana bibi alikuwa hivyohivyo. Lakini Ziada ndiye mama yangu, na mama alikaa Dar miaka ishirini. Huko alizoea misiba ya turubai na viti vya kukodi, watu wamekaa wametulia. Alitoka ndani kama moto, akaivuta ile kanga mpaka Bi Kidawa akayumba.

"Huna haya wewe! Mama yangu hajazikwa!"

Mzee Jafari, mmoja wa wazee wetu, akasema, "Ziada, huyo mtani," na mama akasema hajui mtani wala nini. Kisha Bi Kidawa akafanya jambo ambalo wakubwa wanasema hawajawahi kuliona. Akaomba radhi. Akasema, "Nisamehe mwanangu," akaiweka fimbo ukutani, akaenda kwake.

Mama hakuishia hapo, akaenda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti Mfaume akaita watu, ilikuwa msimu wa korosho, kila mtu kachoka, mikono inanuka maganda. Akasema basi, kuanzia leo misibani tusome dua, tuzike, tutawanyike, tusije tukagombana. Hakuna aliyebisha. Walitaka kwenda kulala.

Tangu hapo nimeona misiba sita. Bi Kidawa anakuja, anasema pole, anakaa nyuma, anaondoka. Anafika mgeni na anatoka mgeni. Mama akimwona anasema shikamoo, naye anajibu marahaba, basi. Mimi nilikuwa naenda kwake kumchotea maji, kwa sababu kisima kiko mbali na miguu yake ile. Hatuongei sana. Mzee Likwata ndiye aliyekuwa anaongea, naye anaongea na redio. Redio yake imefungwa mpira wa baiskeli, haisemi mpaka ipigwe. Na hata kwenye joto alikuwa anavaa sweta la kijani lenye tundu kwapani.

Mzee Likwata alikufa mwezi wa kumi, siku ya Jumatano, asubuhi.

Kijiji kizima kilikuja, lazima niseme ukweli. Wanaume walichimba kaburi na jua lile. Wanawake walileta unga na maharage. Mtu asije akasema Wamwera wa Kitomanga walimtupa Bi Kidawa. Walimtandikia mkeka mzuri kuliko yote, wa mke wa mwenyekiti. Chai ikiiva, kikombe cha kwanza chake, kwenye kisahani. Kila anayeingia anainama: "Pole sana Bi Kidawa. Mungu akupe subira." Wanaongea kwa sauti ya chini. Yeye anaitikia, "Ahsante. Tumeshapoa," lakini macho yako mlangoni. Kila akisikia mtu anakuja kwa kishindo ananyoosha shingo. Mtu anaingia, anainama, "Pole sana."

Siku ya pili jioni nilimpelekea maji ya kunawa. Akanishika mkono.

"Hafsa. Wewe unakaa kimya lakini unasikia kila kitu. Umesikia mtu kanitukana?"

"Hapana, bibi."

"Hata nyuma? Hata huko jikoni?"

"Huko jikoni wanasema wewe mtu mwema."

Akacheka kidogo bila furaha. "Mtu mwema. Miaka arobaini. Nimewaosha, nimewazika, nimewavalia nguo zao. Leo nafiwa mimi wananiletea chai kwenye kisahani kama afisa kilimo."

Nikaona nyuma yake furushi. Kafunga nguo, msahafu na ile redio.

"Unakwenda wapi?"

"Liwale. Kesho tunasoma hitma ya siku ya tatu, keshokutwa nashika gari la Nangurukuru, natafuta la Liwale."

"Kuna nani huko?"

Akafikiri. "Kuna Wangindo," akasema. Nilijua hakuna mtu anayemjua tena. Kaka yake ndiye aliyekuwa wa mwisho huko, ndiyo maana Bi Kidawa alimleta huku akae naye.

"Watu wamekuheshimu, bibi."

"Mgeni ndiye anayeheshimiwa hivi, mjukuu wangu. Kama ningekuwa na mtu wangu hapa, angekuja kunitukana. Hayupo."

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama anachambua korosho, anatenga mbovu. Nikamweleza yote. Sijui kusema maneno mengi, lakini siku hiyo niliyasema. Mama aliendelea kuchambua. Nikadhani hajasikia.

"Mimi nilisema wasimwige mama yangu," akasema baadaye. "Sikusema wasimtukane yeye."

"Wao walielewa hivyo."

"Sasa mimi nifanyeje? Mimi hayo mambo sikufundishwa. Nimekulia huku lakini nilikuwa mtoto." Akatupa korosho moja, mbovu au nzima sikuona. "Nimechoka, Hafsa. Kalale."

Kesho yake hitma ilisomwa baada ya adhuhuri. Watu wakala, wakawa wanasinzia, jua kali. Bi Kidawa yuko kwenye mkeka wake, furushi liko mlangoni, kila mtu ameliona na hakuna aliyeuliza. Mama alikuwa jikoni anasugua sufuria. Mara simwoni. Nikaangalia, nikaona furushi limefunguliwa.

Mama akatoka nyuma ya nyumba. Kavaa sweta la kijani la Mzee Likwata. Redio kaishika kifuani. Jasho linamtiririka, anatembea miguu kapanua, jambo ambalo mzee hakuwa akilifanya. Akasimama katikati ya uwanja, akaipiga redio ngumi.

"Tokeni kwangu!" akasema. Sauti ilikuwa ya Mbagala kabisa. "Tokeni... Wamwera nyie. Mmenilia wali, mmenilia maharage. Kwenu panya wamekwisha?"

Hakuna aliyecheka. Mke wa mwenyekiti akaziba mdomo. Mzee Jafari akaangalia chini. Mama akakohoa, kikohozi kidogo cha uongo, akaipiga redio tena. Nilitaka ardhi ipasuke nianguke mimi na yeye.

"Na wewe Kidawa," akasema, "wewe dada yangu, unafunga mizigo unakwenda wapi? Unarudi porini? Nyuki wamekwambia wamekukumbuka?"

Bi Kidawa alikuwa anamtazama tu. Akatazama sweta, akatazama redio.

"Sivyo," Bi Kidawa akasema.

Mama akaishusha redio.

"Anakohoa kwanza. Anakohoa, anatema, halafu ndio anapiga. Na anapiga kwa kiganja. Wewe unaipiga ngumi kama unampiga mumeo. Rudia."

Mama akakohoa. Akapiga kwa kiganja.

"Kikohozi kinatoka chini. Hapa. Rudia."

Akarudia. Redio ikakwaruza, ikatoa neno moja la matangazo, ikazima. Mtu mmoja akacheka kwa pua.

"Loo," Bi Kidawa akasema, sasa anaongea na uwanja mzima. "Wamwera hata kukohoa hamjui! Mnakula panya mpaka makoo yameota manyoya!"

Hapo ndipo walipocheka. Mzee Jafari alicheka mpaka akashika mti. Akamjibu kwamba Wangindo nguo wamezivalia Kitomanga, walikuja na magome. Mke wa mwenyekiti akanyanyuka, akauvuta mkeka wake kwa nguvu, Bi Kidawa akabiringika mavumbini, akawa analia. Sikuwa nimemwona akilia tangu Jumatano. Alilia kwa sauti kubwa, anamwita kaka yake kwa jina, na watu wakawa wanamtukana hukohuko kwenye kilio chake. Mama akakaa chini na sweta lake, kachoka hawezi hata kulivua.

Asubuhi gari la Nangurukuru lilipiga honi barabarani. Nilikuwa nafagia. Nikasimama nikasikiliza mpaka likaondoka. Halafu Bi Kidawa akatokea upande wa mkorosho, kashika kiuno.

"Yuko wapi yule Mmwera wa Mbagala? Kalala na sweta la watu mpaka sasa?"

Mama alijibu toka ndani, sauti nzito ya usingizi. "Lifuate mwenyewe. Linanuka Ungindo."

Bi Kidawa akakaa kizingitini, akanyoosha miguu iliyovimba. Nikaleta chai. Nilimpa mama kwanza, nikajimiminia mimi, yeye nikampa ya mwisho, yenye majani chini, kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Akaitazama.

"Ndiyo nini hii?" akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa mwenyekiti. Akainywa.