Mashimo ya Asubuhi Kando ya Ziwa Nzilo

Mama Florentine alikuwa na watu wawili tu aliowaheshimu: Bikira Maria na marehemu mama yake, na huyo wa pili si sana. Waliobaki wote walikuwa na kasoro zao, naye alizijua moja moja. Padri alikuwa anaimbia puani. Chifu wa kijiji alikuwa anakunywa pombe ya lutuku kwanza, kesi baadaye. Wachimbaji, wale vijana wanaotoka kila pembe ya Congo kuja kufukua kobalti, aliwaita panya, halafu akawaomba radhi panya. Mume wake, Tata Kabamba, karani mstaafu wa mgodini, kasoro yake ilikuwa upole, na alimkumbusha hilo karibu kila alipomwekea bukari, ugali wao, mezani.

Si kwamba hakuwa na sababu ya ukali. Zamani walikaa Kolwezi mjini, nyumba ya matofali, lupango lenye uzio na mipapai. Kisha kobalti ikaonekana chini ya mtaa wao. Kwanza walikuja watu wawili waliovaa vizuri, wakachota udongo kidogo wakautia kwenye mifuko ya plastiki, wakaaga kwa adabu. Nyuma yao wakaja wachimbaji, nyuma ya wachimbaji kampuni, nyuma ya kampuni katapila. Pale kitanda chao kilipokuwa, leo lori linaingia na kugeuza. Walipewa fidia ya kuchekesha, wakaja kuanza upya kando ya Ziwa Nzilo, kwenye shamba la mihogo ambalo watu wote walisema halina kitu chini yake. Florentine alilipenda kwa sababu hiyo hasa. Hawakuwa na pengine pa kwenda, wala umri wa kuanza mara ya tatu. Kwa hiyo katika maisha yake kulikuwa na hofu moja tu, nayo ilikuwa mtu mwenye mfuko wa plastiki.

Basi, mwisho wa msimu wa mvua, gari likaja. Lilikuwa gari refu jeupe lenye mapazia madirishani, na juu yake umefungwa ubao mrefu uliochongoka mbele. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko, taa, hata kikabati cha vikombe. Wakatoka Wabelgiji wawili, René na mkewe Simone, miguu mitupu, wakamwomba Kabamba ruhusa ya kukaa pale kando ya shamba mpaka barabara ya Dilolo ikauke. Walikuwa wanaenda Angola, baharini, kwenye mji mmoja ambao watu wake, kwa maelezo ya René, hawana haraka, wanangojea mawimbi tu. Kabamba akasema karibuni. Florentine alikuwa mashineni anasagisha unga, na aliporudi akakuta mambo yamekwisha.

"Tata, weye uliwaitikia bakae hapa bila kuniuliza?"

"Ni ya siku kidogo tu, Mama. Njia iko na matope."

"Mutu iko na pesa ya kununua gari ya vile, anakosa pesa ya oteli?"

Kabamba akasema labda wanapenda. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Kulala garini mtu akiwa hana nyumba, ni shida, na shida inaeleweka. Lakini kulala garini kwa kupenda, kutembea miguu mitupu huku viatu viko chini ya kiti, kula ndani ya sufuria mume upande huu mke upande ule, hayo Florentine hakuwa na mahali pa kuyaweka. Kesho yake Simone alimfuata mpaka mlangoni, amejifunza Kiswahili kwenye kitabu, akainama na kusema, "Shikamoo, mama." Florentine, ambaye kwao watu husalimiana kwa jambo tu, akaangalia mikono ya yule mwanamke, ikawa mitupu.

"Nishike nini?" akauliza.

Simone akacheka, akarudia neno lile lile kwa sauti zaidi. Florentine akajibu, "Jambo," akafunga mlango. Kitabu gani hicho, alimwambia Kabamba, kinafundisha watu kuja kwa watu na kuwaambia washike.

Na ule ubao. René alikuwa anaubeba kichwani asubuhi mpaka majini. Ziwa Nzilo limetulia, wimbi lake kubwa ni lile linalotoka kwenye mtumbwi ukipita. Mwanaume mzima, ana mvi masikioni, analala kifudifudi juu ya ubao na kupiga maji kwa mikono, anakwenda mbali, anarudi, anajikausha, anasema ni vizuri sana. Watu wa mjini waliokuja Jumapili kula samaki walimpigia makofi. Florentine aliona aibu kwa niaba ya ukoo wote wa René huko Ubelgiji.

Dharau hiyo ingeishia hapo, na ingekuwa burudani, kama siku ya tatu asingeamka mapema kuchuma majani ya mihogo ya kupikia sombe. Alimwona Simone akitoka garini na kipelu, chepeo kidogo cha kukunja. Simone akaangalia huku, akaangalia kule, akaingia katikati ya mihogo, akachuchumaa nyuma ya majani. Udongo ukasikika ukichimbwa. Kisha ukasikika ukirudishwa. Alipotoka, mkono mmoja ulikuwa na kipelu, na mwingine ulikuwa na mfuko mdogo wa plastiki, umefungwa fundo. Florentine akakaa chini pale pale kwenye umande. Akasahau hata kutukana.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa vile vile. Ya baadaye pia, tena na René.

Sasa kila kitu kikawa wazi. Miguu mitupu, sufuria moja, ubao wa mawimbi pasipo mawimbi, yote yalikuwa ya kujivalisha uso wa ujinga. Hawa walikuwa wale wale wa mfuko. Alienda moja kwa moja mashineni kwa Mignonne, dada mdogo wa chifu, mwanamke ambaye Florentine alimdharau kwa sababu ya mdomo wake, na aliyemwendea leo kwa sababu ya mdomo huo huo.

"Bale bazungu si ba kutembea," alimwambia. "Kila asubui beko banaingia mu shamba yangu na kipelu, banachimba, banafunika, banarudia na sashe. Ambia yaya yako chifu abafukuze leo."

Mignonne akasimamisha mashine. Mtoto wake Papy alikuwa mchimbaji kwenye mgodi wa Mashamba, na mambo ya sashe aliyaelewa. "Uliona jiwe yenyewe?"

Hapa ndipo Florentine angesema hapana. Angesema sijaona. Lakini kumwambia Mignonne sijui, Mignonne ambaye hata kusoma saa ni kwa kubahatisha, hilo lilikuwa zito mno kwenye ulimi wake.

"Niliona."

"Ya rangi gani?"

"Nyeusi. Inang'aa."

Akarudi nyumbani ameridhika. Chifu hakutokea siku hiyo, wala kesho yake. Florentine akaona kazi za wanaume zinamngoja yeye, kama kawaida. René na Simone walipokuwa ziwani, akaingia mihogoni, akatafuta mahali udongo ulipokuwa laini, akapiga magoti. Jembe lingeacha alama, kwa hiyo alichimba kwa mkono, mpaka kwenye kiwiko, akitafuta ugumu wa jiwe.

Alichokikuta hakikuwa kigumu.

Alikimbia mpaka ziwani, upande ule mwingine, akasugua mkono kwa mchanga, kwa majani, kwa sabuni ya kufulia, mpaka ngozi ikawaka. Watu wazima. Wana kitanda, wana jiko, wana kikabati cha vikombe, na hawana choo. Na ile mifuko ilikuwa ya karatasi zao za kujifutia, wanazibeba kwenda nazo kama mali. Alicheka mpaka akashika mbavu, kwa sababu shamba lilikuwa safi. Halikuwa na kitu chini yake ila mihogo na hayo.

Akaondoka kwenda kumwambia Mignonne kwamba amekosea. Alifika katikati ya njia, akasimama. Angesema alijuaje? Angesema mkono wake uliingia wapi? Mignonne angeimba habari hiyo mashineni, sokoni, kwenye kikundi cha bamama wa parokia, na Florentine aliyemcheka kila mtu angekuwa Florentine wa mavi ya wazungu mpaka siku ya kuzikwa. Chifu ni mlevi, akajiambia, ameshasahau. Akageuka akarudi kupika.

Barabara ikakauka. René na Simone wakafunga ubao wao, wakaaga, Simone akasema tena lile neno lake la kushika. Gari jeupe likapanda kilima, na kwenye kilima hicho likapishana na pikipiki zinazoshuka, kila moja na vijana watatu, wenye machepeo na magunia matupu. Simone aliwapungia mkono. Vijana nao wakampungia.

Papy alikuwa wa mbele. Alishuka, akavua kofia.

"Jambo Mama. Tutachimba polepole, hatutagusa nyumba."

"Muchimbe nini? Mutoke mu shamba yangu."

"Ile ya bazungu. Mama yangu alituambia. Nyeusi, inang'aa."

"Hakuna kintu. Ni mavi."

"Ni nini?"

"Mavi, Papy. Bazungu habakuwa na choo. Njo ile balikuwa banafukia."

Vijana wakatazamana. "Mama uliona na macho?" mmoja akauliza.

Florentine alimtazama mumewe aliyesimama mlangoni, akatazama mihogo yake, akameza kiburi chote alichokuwa nacho tangu ubatizo. "Niligusa na mukono," akasema. "Huu hapa. Ulifika mupaka ku kiwiko."

Walicheka mpaka mwingine akakaa chini. Papy alicheka pia, kisha akapangusa macho, akaanza kuongea kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomtisha Florentine.

"Mama, ku mutaa yenu ya zamani, kobalti ilionekana namna gani? Si tata moya alikuwa anachimba choo? Mutu akitaka kuficha mali, anaweka mavi juu. Hata mi ningefanya vile."

Akatia chepeo.

Chifu alifika jioni, akatoa ruhusa ambayo hakuna aliyeiomba, akapokea pesa kwa wachimbaji, akaondoka. Kesho yake wachimbaji waliongezeka. Jiwe halikuonekana, lakini wengine walisema wameona dalili, na dalili ni chakula cha mchimbaji, anaweza kuila mwezi mzima. Mihogo ilitupwa pembeni pamoja na mizizi na udongo. Florentine aliwatukana mpaka sauti ikakauka, wao wakamwitikia ndiyo Mama, ndiyo Mama, na kuendelea.

Siku ya pili jua likishuka, Kabamba alichukua jembe akaingia kwenye kipande ambacho hakijafikiwa, akaanza kung'oa. Mihogo ilikuwa bado michanga, unene wa kidole. Florentine alimfuata na kitunga, na maneno yake yalikuwa tayari: mdomo wa Mignonne, ulevi wa chifu, uchafu wa wazungu, na upole wa mtu fulani anayesema karibuni kwa kila anayepita.

Kabamba hakuinua kichwa. "Ile ya nyeusi, inang'aa," akasema. "Nani aliisema?"

Florentine akaangalia shambani. Akawaangalia wote, Papy, wenzake, wale waliokuja leo, mmoja baada ya mmoja.

"Ni mi," akasema.

Kabamba alipangusa udongo kwenye muhogo aliokuwa ameushika, akautia kitungani.

"Anzia ku ule mustari," akamwambia. "Kesho batafika pale."