Mguu Uliotangulia Nyumbani

Juzi nilirudi kwetu Shinyalu nikawakuta vijana wa boma wamefunga kamba kwenye migomba kando ya jikoni, tayari kuchimba choo. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Wakatazamana, wakadhani bibi kizee amerukwa na akili. Siwalaumu. Hakuna aliyewahi kuwaambia ni nini kimelala chini ya migomba ile, basi keti nikwambie wewe.

Ilikuwa miaka ile ya uhuru. Mimi na dada yangu mkubwa tulilala mkeka mmoja kwa kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya. Asubuhi tulishuka mtoni kuteka maji, tukirudi tunapalilia mahindi, na jioni obusuma, ugali wetu, kwa mboga ya mrenda, dada akila haraka ili awe wa kwanza kukwangua ukoko. Alikuwa na miguu mirefu huyo! Maisha yangu yote ya utoto nilikuwa nyuma yake nikilia aningoje.

Halafu jembe likamkata chini ya goti. Kidonda kilifunga juu, ndani kikaendelea kuoza. Kukhu aliponda majani ya msituni, akafunga, akafungua, akasali. Harufu ilipojaa nyumba nzima, wanaume walimbeba kwa machela ya fito hadi hospitali ya mjini. Daktari hakuzunguka: usaha umeingia mfupani, ama mguu ukatwe, ama tukamzike binti.

Dada akakataa. Homa ilikuwa inamchoma lakini akili yake ilikuwa timamu. Wala hakuulizia kama atatembea. Alikuwa ameona moshi wa tanuri nyuma ya wodi, wanakochoma vilivyokatwa, na kwetu kiungo cha mtu huzikwa nyumbani kama mtu mwenyewe. Daktari alisema saa zinakwenda. Mama alimbembeleza, kukhu alimbembeleza, naye amegeukia ukuta. Niliogopa, rafiki yangu. Nikainama sikioni mwake.

"Nitaubeba mimi mwenyewe mpaka nyumbani."

"Apa."

Nikaapa. Ndipo akakubali.

Baada ya madaktari kuukata, muuguzi mmoja aliyejua mila zetu akatuletea mguu, umefungwa ndani ya leso ya kukhu. Dada alikuwa hajazinduka. Nilitaka kungoja, niyaone macho yake kwanza, lakini kukhu alisema cha kuzikwa hakingojeshwi mlangoni. Mama akabaki kando ya kitanda, sisi wawili tukashika njia, mguu umo kapuni, kapu kichwani mwangu.

Kukhu alikuwa amenionya kwamba anayebeba cha kuzikwa hasalimii mtu njiani. Nawe unawajua watu wetu. Kila tuliyepishana naye alituamkia, "Mulembe!", nasi tukapita kimya na macho chini, kana kwamba tumelelewa na ng'ombe. Kapu lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Kila hatua nilikuwa nikimwambia dada moyoni, usife, usife, maana nilijua nimebeba sehemu moja na sina hakika na iliyobaki.

Jirani yetu alituona kwenye kona ya mto. Akaliona kapu, akaiona leso, akatusalimia tusimwitikie. Mara akaweka mikono kichwani, akaangua kilio. Boma la pili likapokea, la tatu likapokea, na tulipofika kwetu ua umejaa wanawake wanaojigaragaza na kumlilia dada kwa jina. Mimi nami nikaanza kulia. Nilijiambia labda wao wamesikia, labda habari ilitupita njiani.

Kukhu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Siku hiyo aliipaza.

"Nyamazeni! Mnamlilia mtu aliye hai? Huu ni mguu. Mwenyewe anakuja."

Wakanyamaza. Lakini mimi nilitembea naye njia nzima. Hakujua zaidi yangu.

Tuliuzika kando ya jikoni, akapanda mgomba juu yake. Kulipokucha nilikimbia njia yote hadi mjini, na mlangoni pa wodi nikasimama. Mama ndiye aliyenivuta ndani. Dada alikuwa macho, midomo imekauka.

"Umeuweka wapi?"

"Kando ya jikoni."

"Umeufukia vizuri?"

Nikamwambia vizuri. Akanishika mkono tukalia pamoja, kwa mara ya kwanza tangu jembe lile.

Sasa kukhu hayupo, mama hayupo, hata yule jirani wa kilio tulishamlilia naye. Njia ile inapita pikipiki, watu hawaamkiani, na ukipita kimya hakuna atakayeuliza umebeba nini. Naikumbuka mikono ile iliyopanda kichwani kwa sababu tu hatukuitikia salamu, na moyo unaniuma.

Nilimpigia dada simu papo hapo, vijana wakiwa bado wameshika majembe. Aliolewa Matete, na huko anatawala wajukuu kwa magongo yake mawili. Nikamweleza habari ya choo. Akacheka sana.

"Waambie wakachimbe kwingine," akasema. "Mwenyewe anakuja, ila hana haraka."