Siku Wanaume wa Kinondoni Walipotwanga Kisamvu

Kuna watu wamesafiri mpaka Uchina wakarudi hawana la kusimulia. Mie nilisafiri kutoka Kinondoni mpaka Mtoni na kurudi, na hadi leo nikikohoa tu kuanza kisa hicho, watu wanavuta mikeka karibu.

Sababu ya safari ilikuwa hii. Tawi letu la chama liliazimia kufanya sherehe ya kuwaunga mkono ndugu zetu wa Msumbiji, waliokuwa wakipigana na Mreno ng'ambo ya Mto Ruvuma. Temeke walishafanya yao. Gongo la Mboto walishafanya. Hata Bunju, ambako siku zile fisi walikuwa wengi kuliko wanachama, walishafanya. Mwenyekiti wetu, Mzee Kilongo, alisema kwa aibu hiyo hapati usingizi.

"Wote hao walileta makamanda," alisema. "Sie tulete mwanamke. Mwanamke wa vitani hasa. Tutawafunika."

Kwa kuwa mie ndiye niliyemaliza masomo ya usiku, tena kwa cheti chenye mhuri uliopigwa kwa nguvu mpaka ukatokea upande wa pili, nilipewa kazi ya kwenda kumleta. Tulichojua ni kwamba anaitwa Veronika, yuko Mtoni kwa shangazi yake, anauguza mguu. Mengine yote nilitunga mwenyewe. Niliwaambia wajumbe kwamba ameangusha ndege mbili za Mreno.

"Kwa bunduki gani?" mjumbe mmoja akauliza.

"Ndogo tu," nikasema.

Asubuhi ya Jumapili, siku ya sherehe, niliondoka nikiwa nimevaa suruali ya pasi na katambuga zangu mpya, zile ndala za tairi ambazo fundi aliniapia zitanizika. Mke wangu, Mwajuma, alikuwa tayari kwenye ua wa tawi pamoja na akina mama wenzake wa kitengo chao, wakichambua majani ya muhogo ya kutwanga kisamvu. Usiku walikuwa wameshona kitambaa kirefu chenye maandishi MWANAMKE AKOMBOLEWE, na wanaume walikuwa wamekaa wakiwaelekeza jinsi ya kukishona.

"Ukifika, msalimie kwanza," Mwajuma aliniambia bila kuinua macho. "Hotuba yako iweke mfukoni mpaka mtu akuombe."

Magomeni nilipanda basi. Bonde la Jangwani nikalivuka kama mvumbuzi, nikitazama matope yake na kuwaza ningewaelezaje watu wa nyumbani. Kariakoo nilishuka, nikasubiri basi la barabara ya Kilwa mpaka nikawajua wauza machungwa kwa majina na ukoo. Gerezani dereva alisimama kunywa chai kwa shemeji yake, sie abiria tukamsubiri kwa heshima zote. Kwa hiyo mtu asiniambie Mtoni ni karibu.

Kufika Mtoni niliulizia nyumba ya shangazi wa Veronika, nikaonyeshwa ua uliojaa vipande vya mpingo, kwa kuwa jirani yao alikuwa mchonga vinyago. Nilikuwa natafuta mwanamke mrefu kama nguzo ya umeme. Nikamkuta mwanamke mfupi wa umri wa mke wangu, amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja ndani ya beseni la maji ya chumvi, mwingine ameupakata anachokoa mwiba kwa sindano.

Nikamsalimia. Akaitikia, akanipa kigoda, akaendelea na mwiba wake. Hapo hotuba ikanitoka mfukoni yenyewe. Nikamwambia Kinondoni nzima imesimama, kwamba watoto hawalali kwa kumsubiri, kwamba jina lake litaimbwa mpaka Mreno alisikie huko kwao Ulaya.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Nani anapika?"

"Samahani, dada?"

"Hiyo sherehe yenu. Chakula anapika nani?"

"Akina mama, bila shaka."

Akacheka, akarudi kwenye mwiba. "Basi siji, ndugu yangu. Mie nimeshaalikwa Temeke. Nimefika, wakaniuliza kama najua kukata vitunguu. Nikakata vitunguu, kamanda akahutubia kwa niaba ya akina mama. Nikaalikwa Gongo la Mboto, nikachambua mchele, kamanda akahutubia. Bunju waliniambia, dada, wewe umezoea kubeba, hebu tusaidie ndoo za maji. Niliporudi na maji, watu walikuwa wanapiga makofi, mkutano umekwisha."

"Sie Kinondoni ni watu tofauti," nikasema.

"Kwa nini unataka nije?"

"Uwasimulie jinsi ulivyoangusha ndege."

Hapo aliacha sindano. "Ndege gani? Mie mbebaji. Tunapokea masanduku ya risasi na mabomu pale Ruvuma, tunaweka kichwani, tunaingia nayo ndani siku na siku, usiku tunatembea, mchana tunajificha. Hao makamanda wote unaowasikia, risasi zao zilipitia kichwani kwa mwanamke kwanza. Wakifika, wanazipokea, wanatuuliza kuna nini cha kula."

Zile ndege zangu mbili nikazihesabu upya, nikapata sifuri.

Akanionyesha unyayo wake. Ulikuwa kama ramani ya mito. "Tunatembea peku," akasema. "Rafiki yangu Asunta alichomwa na kisiki, akasema si kitu, akabeba mpaka mwisho. Mguu ukaoza. Tulimzika na ngata yake ya kichwani. Jumatatu, yaani kesho, lori linanirudisha kusini. Nataka nirudi na katambuga za wenzangu, kikosi kizima. Hilo tu ndilo nililotaka kusema Temeke, na Gongo la Mboto, na Bunju. Sijawahi kufika kwenye neno katambuga, vitunguu vinanikatiza."

Basi mie, kwa furaha yangu ya siku zote, nikasema, "Kinondoni leo wanaume watapika."

Akautoa mguu kwenye beseni, akaufuta kwa upande wa kanga. "Twende," akasema. "Nataka nikaone kwa macho yangu."

Njia ya kurudi niliiona fupi kuliko haki yake. Kila kituo nilifikiria namna ya kumwambia Mzee Kilongo. Kariakoo nilipata wazo zuri, lakini Jangwani likaniponyoka.

Kinondoni tulifika jua likiwa utosini. Uani mikeka ilishatandikwa, na wanaume walikuwa wamekaa mbele kama kawaida yao, viatu vyao vimepangwa ukingoni mwa mikeka, safu nzima ya katambuga, na mwishoni viatu vyeusi vya ngozi vya Mwenyekiti, alivyonunua kwa ajili ya siku atakayoitwa na wakubwa. Nyuma, kwenye moshi, akina mama walikuwa wanakuna nazi na kutwanga. Kitambaa cha MWANAMKE AKOMBOLEWE kilikuwa kimetundikwa juu ya mafiga, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na nguzo.

Veronika hakuingia. Aliweka kifurushi chake chini pale mlangoni mwa ua, akakikalia.

"Karibu sana, shujaa wetu," Mzee Kilongo akasema. "Mbona hapo?"

"Shikamoo, mzee. Nasubiri wapishi wabadilishane. Ndugu huyu ameniahidi leo wanaume wanapika."

Macho yote yakanigeukia. Nikajitahidi kuonekana kama mtu aliyesukumwa na historia.

Mzee Kilongo ni mwanasiasa, hakukasirika mbele ya mgeni. "Hilo halina tabu," akasema. "Kuna fundi wa pilau za harusi hapo jirani, ni mwanaume kamili mwenye ndevu. Aitwe."

"Mafundi kama huyo tunawajua," Veronika akasema. "Hata kwetu wanaume wanapika wakisifiwa. Mie nimekuja kula hicho kisamvu, mkitwange nyie."

"Lakini mwanangu, kutwanga ni kazi nzito."

"Ndiyo, mzee," akasema Veronika.

Ndipo nikamwona Mwajuma wangu akiinuka kwenye mbuzi ya nazi, akakung'uta kanga, akaja akakaa kwenye mkeka wa mbele kabisa, pale pa mjumbe wa fedha. Aliyekuwa anatwanga akauegemeza mchi kwenye kinu. Wengine wakafuata mmoja mmoja, hawana haraka, kama watu wanaotoka kazini saa zimefika. Mwisho kule kwenye moto hapakubaki mtu, na kisamvu kilikuwa bado hakijaiva, na njaa ilikuwa kali.

"Dakika tano tu," Mzee Kilongo akatuambia wanaume. "Tunakwenda, tunaonyesha mfano, tunarudi." Tukaenda peku, viatu tukaviacha. Nani avae viatu kwa dakika tano?

Yaliyotokea jikoni nitayaeleza kwa upole kwa kuwa wahusika wengine bado wanagombea uongozi. Mzee Kilongo aliipanda mbuzi ya nazi kama baiskeli, uso ukiwa umeelekea upande usio na meno, akatafuta mahali pa kukunia mpaka akapapata kwa suruali. Mjumbe wa fedha alitwanga kinu pembeni kwa bidii kubwa, majani yakaruka mpaka barabarani. Mie nilipuliza moto, nikapuliza, moshi ukaniingia kichwani nikamwona marehemu babu yangu akinicheka. Kuhusu ugali wa muhogo, ulitoka na madonge ambayo ungeweza kujengea zahanati.

Katikati ya hayo, mbele kule, Veronika alikuwa ameshaingia na anazungumza. Tulisikia vipande tu. Kila tulipotaka kusikiliza, chungu kilifurika. Mara moja Mwajuma aligeuka akasema, "Nyie huko, punguzeni kelele za mchi, watu wana mkutano." Maneno hayo nilishawahi kumwambia yeye, tena mara nyingi, kwa sauti hiyohiyo.

Nilimwona Veronika akimvika Mwajuma ngata ya kanga kichwani na kumtwisha gunia la unga, akamwambia azunguke ua bila kusema neno na bila kuikanyaga njia kwa kishindo. Mwajuma alizunguka. Wenzake wakamtazama miguu. Nikasikia jina la Asunta. Kisha nikasikia, wazi kabisa, neno katambuga, na nikafurahi kwamba mwenzetu amefika. Sikuona alikuwa anaelekeza kidole wapi.

Alasiri tukaleta sinia kwa fahari, nyuso zimejaa masizi. Akina mama wakanawa, wakala, wakatusifia kama mtoto anavyosifiwa akitembea hatua ya kwanza. Mjumbe wa fedha akaenda kutafuta viatu vyake. Ukingo wa mkeka ulikuwa mtupu.

"Viko kwenye gunia," Mwajuma akasema. "Vinakwenda Msumbiji."

"Vyangu?"

"Vyenu vyote. Mmeamua kuunga mkono mapambano, si ndivyo kilivyoandikwa kitambaa cha mwaka jana? Vya mume wangu ndivyo nilivyotia kwanza. Ana miguu kama ngamia, atamudu."

Kulikuwa na manung'uniko, lakini ni vigumu mtu kugomba mbele ya mgeni akiwa na masizi puani. Mzee Kilongo peke yake alirudishiwa viatu. Veronika alivitoa kwenye gunia mwenyewe, akavifuta vumbi, akampa kwa mikono miwili. "Hivi vya ngozi vinalia, mzee," akasema. "Sie tunatembea kimya." Mwenyekiti akavivaa akaenda zake, na kila hatua vililia kwi, kwi, kwi, mpaka mwisho wa mtaa, Kinondoni yote ikasikia ni nani aliyerudi nyumbani na viatu.

Jioni ilibidi mgeni arudishwe. Basi lilikuwa limeshapita, na la pili Mungu tu ndiye aliyekuwa na ratiba yake. Kwa kuwa mie ndiye niliyeahidi, gunia likawa langu. Veronika akanifungia ngata, akanitwisha.

Mpaka Magomeni nilikuwa nazungumza. Nilimweleza jinsi mguu wangu wa kulia ulivyokanyaga kifuniko cha soda, jinsi wa kushoto ulivyopata changarawe, na kwamba shingo yangu kwa makadirio ilikuwa imeshuka ikaingia kifuani.

"Kule hatuongei," akasema.

"Hata kidogo?"

"Ukiongea, Mreno anasikia."

Jangwani nikanyamaza. Tope lilikuwa la baridi, na ndani yake kulikuwa na vitu ambavyo sikutaka kuvijua. Yeye alitangulia, akichechemea kidogo, nami nikaanza kukanyaga pale alipokanyaga, kwa sababu pale hapakuwa na mwiba. Hakunifundisha, niligundua tu. Nikafikiri mtu anafanyaje hivi siku baada ya siku, akiwa na bomu badala ya tairi, na akifika anaulizwa kuna nini cha kula. Nilitaka kusema kitu cha maana juu ya hilo. Sikusema.

Mtoni tulifika taa zimewashwa. Veronika akanitua gunia, akapekua, akatoa jozi moja, akaivaa, akakaza mikanda kwa kamba ya mkonge. Zilikuwa zangu. Akatembea nazo hatua kadhaa uani, akasikiliza. Hazikulia.

"Hizi nitavaa mie," akasema. "Asante, ndugu. Umebeba."

Katika maisha yangu nimesifiwa na mwalimu wa masomo ya usiku, nimesifiwa na Mwenyekiti, na mara nyingi nimejisifia mwenyewe, lakini neno hilo moja nililibeba mpaka Kinondoni bila kulitua.

Mwajuma alikuwa amenisubiri na maji ya moto na chumvi kwenye beseni. "Ulimwambia nini njiani?" akaniuliza.

"Hakuna," nikasema. Akanigusa paji la uso kama nina homa.

Siku hizi kisamvu natwanga mwenyewe, na madonge ya ugali wangu yamepungua, ila Mwajuma hakubali kuandika ushahidi. Na vijana wakiniuliza, mzee, wewe ulishiriki vita vya Msumbiji? huwa najibu ukweli mtupu, jambo ambalo si kawaida yangu: mie niliishia Mtoni. Viatu vyangu ndivyo vilivyofika.