Plastiki ya Kutandika Pikapu

Baba alipopata pikapu, nilimpeleka dukani Tabora mjini akaone plastiki ngumu ya kutandika nyuma. Anabeba mizinga ya nyuki ya magome kwenda kuitundika msituni Kaliua, na rangi ya pikapu ilikuwa imeanza kuchubuka. Aliinama akainusa ile plastiki.

"Mzinga ukishika harufu hii, nyuki hawaingii."

"Nani amethibitisha, baba?"

"Nyuki."

Nilimwambia hiyo si hoja. Akacheka. "Basi, msomi, omba kipande. Nyumbani utachagua mzinga mmoja tuufunge nacho siku mbili. Ukikaa mtupu msimu mzima, tutajua."

Lilikuwa jaribio zuri, nikakubali, nikaomba kipande. Lakini mizinga yote alikuwa ameisugua nta ndani kwa mikono yake, mmoja mmoja, kwa wiki nzima. Tulipofika nyumbani nilishika wa kwanza, nikaurudisha. Nikashika wa pili, nao nikaurudisha.

Mwishowe nilichukua panga nikaenda kukata nyasi za kutandika nyuma ya pikapu badala ya plastiki. Habari ya harufu bado sijaiamini. Baba alikuja kunisaidia kufunga matita.