Cheti cha Ndoa na Falme Saba

Sikwenda Dubai kutembea. Nilikwenda kwa sababu binti yangu Mwanajuma alijifungua huko, na mtoto alikuwa hana hata karatasi moja. Bila cheti cha ndoa ya wazazi mtoto haandikwi, na cheti chenyewe kilikuwa Mombasa, ndani ya sanduku langu la nguo. Muda wa kumtafutia ukaazi ulikuwa unayoyoma. Tulikubaliana kwamba ukipita, nitarudi naye nyumbani kwa hati ya dharura, mamake abaki kazini. Basi mkobani nilitia chupa mbili mpya za kunyonyeshea. Kila nikizitazama, moyo uliniuma.

Nairobi nilisimama kwanza. Cheti cha kadhi kilipigwa muhuri na wizara yetu ya mambo ya nje, kisha na ubalozi wa Falme za Kiarabu. Juu yake nikaongeza langu: barua ya chifu. Mimi ni karani mstaafu wa ofisi ya chifu, na barua hizo nimezichapa mpaka vidole vikapinda. Mtu akitaka shule, akitaka kazi, akitaka kuzika, aanza na barua ya chifu. Sikuwahi kuona mlango ulioikataa.

Adhuhuri ya siku ya pili nilitua Dubai. Joto lilinipiga usoni kama mvuke wa sufuria ya biriani iliyofunuliwa. Mwanajuma na mumewe wamepanga chumba mtaa wa Karama, katika nyumba ya Bi Rahma, Mzanzibari aliyezeekea huko. Nilimpakata mjukuu wangu nikalia. Nilijiona nimekuja kumtenga na ziwa la mamake.

Asubuhi yake tulikwenda ofisi inayotoa vyeti vya kuzaliwa. Msichana wa dirishani alikipekua cheti cha ndoa, akasema jambo kwa Kiarabu.

"Asema chakosa muhuri wa wizara ya mambo ya nje ya hapa," Mwanajuma akanitafsiria.

"Si ubalozi wao ushapiga? Mpe na barua ya chifu."

Msichana aliigeuza barua mbele na nyuma, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mama, asema chifu hamjui."

Nikapandisha sauti. "Mtoto kazaliwa Dubai, na serikali ya Dubai ndiyo hii! Wapige wao huo muhuri!"

"Asema hiyo si kazi yao. Khalas, mama, basi. Yalla, twende, watu wangoja."

Tukapanda treni kurudi Karama. Nilikuwa nahesabu siku, na kila hesabu iliishia kwenye zile chupa.

Alasiri, Bi Rahma alinisikiliza huku akichambua mchele. Nilipomaliza akacheka mpaka akaweka ungo chini.

"Bibi wee, umegombana na asiyehusika! Hii nchi ni falme saba, kila moja na mtawala wake na serikali yake. Lakini wana katiba moja, na hiyo ndo iliyowagawia kazi. Mambo ya nchi za nje, jeshi, uraia, hayo ya umoja wao. Yaliyobaki, kila ufalme na lake. Sisi Wazanzibari twayajua haya tangu kuota meno: kuna mambo ya Muungano na yasokuwa ya Muungano. Cheti chako kimetoka nchi nyingine, basi ni cha serikali ya umoja. Dubai hata ikikupenda vipi, haina ruhusa ya kukigusa."

"Kwa hivyo nirudi Nairobi?"

"Nairobi ufate nini? Mihuri ya kwenu imetimia. Umebakia mmoja, na huo wapatikana hapa hapa."

Nikakaa kitako karibu na ungo wake, nikamsaidia kuchambua mchele, huku machozi yanitoka na kicheko pia.

Kesho yake tulipeleka maombi kwenye wizara hiyo ya mambo ya nje, iliyo ya umoja, na baada ya siku chache cheti kikarudi na muhuri wake. Tukaenda tena kwa msichana yule yule. Safari hii hakuuliza kitu. Alichapa cheti cha kuzaliwa, akaniangalia, akasema neno akitabasamu.

"Asema umsalimie chifu," Mwanajuma akasema.

Pasi ilifuata, kisha ukaazi, na muda haukuwa umepita. Uwanja wa ndege nilimbusu mjukuu wangu, nikamrudisha kifuani kwa mamake, nikaondoka peke yangu. Alhamdulillahi, sijawahi kuagana na mtu kwa furaha kiasi kile.

Mombasa, hata sijafungua mkoba vizuri, jirani yangu Mwanasha akaingia. Alitaka tukamfokee mwakilishi wa wadi yetu kwenye kaunti, kwa kuwa kitambulisho cha mwanawe kimechelewa. Zamani ningetangulia mbele mimi, na barua mkononi.

"Kitambulisho si kazi ya kaunti," nikamwambia. "Hicho ni cha serikali kuu. Keti kwanza tujue mlango, ndipo tubishe."

Aliketi. Macho yake yakaangukia mezani, kwenye chupa mbili zilizo bado katika karatasi zake.

"Na hizi za nani?"

"Hazina mwenyewe," nikasema. "Mtoto yuko kwa mamake."